Musa Ameachwa Ufukweni

Mfyuu! Niacheni kwanza nisonye, ndugu zangu, kahawa itakuja. Tangu Mkesha wa Pasaka nina donge kooni, na hadi leo halijashuka.

Mkesha mnaujua. Moto unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaingia kanisa likiwa giza, mbiu inaimbwa, halafu watu wanaketi kusikiliza. Masomo 7 ya Agano la Kale, kisha waraka na Injili. Paroko anaweza kuyapunguza yale ya Agano la Kale kukiwa na sababu, ila la Kutoka sura ya 14 haliachwi hata iweje. Sasa nisikilizeni: somo lile haliishi msomaji anaponyamaza. Linakomea pale Musa na wana wa Israeli wanapofungua vinywa kumwimbia Bwana, na wimbo wenyewe, ule wa sura ya 15, ndio wimbo wa katikati. Msomaji anawavusha watu bahari, kwaya inamalizia hadithi.

Kwetu ikawaje? Binti aliyesoma alisoma vizuri, bila haraka. Alipofika pale magurudumu ya Wamisri yanapong'oka, bibi mmoja jirani yangu akawa anatikisa kichwa kama anayaona. Somo likaisha, kinanda kikalia, na kwaya ikaporomosha wimbo kutoka albamu yao mpya, wa kushukuru kwa baraka za mwaka. Wimbo mtamu, siukatai. Lakini Musa yuko wapi? Bibi yule alikuwa ameshafungua kitabu chake kwenye kiitikio, kidole kipo juu ya mstari. Akakifunga polepole, akakiweka mapajani. Hakuimba tena mpaka Utukufu, kengele zilipolia.

Nilimfuata mwalimu wa kwaya kwa heshima zote. Akaniambia, "Baba, sikukuu kubwa inataka kitu kipya." Jamani! Mwongozo wa Misale, namba 57, umekataza masomo na zaburi kubadilishwa kwa maandishi yasiyo ya Biblia. Na upya gani unaushinda ule wa Aleluya iliyonyamaza Kwaresima nzima, halafu usiku ule inaimbwa mara tatu, kila mara sauti ikipanda?

Tatizo ninalijua, nimekaa kwenye vikao vyao. Maandalizi yanaanzia kwenye sare: kitenge kipi, fundi nani. Kisha wimbo upi umesharekodiwa, mpiga picha atasimama wapi. Kitabu cha masomo kinafunguliwa Alhamisi, watu wameshachoka kwa mazoezi. Wakati masomo ya Dominika yamepangwa kwa mzunguko wa miaka 3, A, B na C, mtu anaweza kuyasoma hata mwaka mzima kabla! Ungeyaweka mezani siku ya kwanza, ukayasoma kwa sauti, nyimbo zenyewe zingejitokeza: hii ya mwanzo, hii ya matoleo, hii ya komunyo. Vijana wale wana sauti, tena wanajituma. Inaniuma sauti kama zile zikipita pembeni ya Neno.

Kamati ya Pentekoste inakaa Jumanne saa 11 jioni. Siku ya Pentekoste yenyewe kuna wimbo wa sekwensia kabla ya shangilio, nayo ni ya lazima, na sitaki nije kusikia tena kwamba muda haukutosha. Nitakwenda na kitabu kwapani. Yule bibi nimeshamwomba tuongozane, amekubali. Haya, kahawa yangu iko wapi?