Namna ya Kulipa Stima Shelly Beach Bila Kuuza Kitanda

Mita ya tokeni haijui adabu za usiku. Ikibakiwa na yuniti chache huanza kulia kama kifaranga kilichopotezwa na mamake, na huchagua saa nane, watoto wamelala, joto la Kaskazi limekaza na feni ndiyo roho ya chumba. Bahari ya Shelly Beach iko hapo, mawimbi twayasikia, lakini upepo wavunjwa na kuta za nyumba za mbele kabla haujafika dirishani kwangu. Mpangaji wa huku Likoni, anayevuka feri asubuhi kutafuta na kurudi jioni na alichopata, anahitaji mbinu za kuikabili mita hiyo. Hizi ndizo nilizonazo.

Mita ni kama mchumba: ulizia ukoo wake kabla hujahamia. Ukionyeshwa chumba, rangi ya ukuta isikuteke. Omba namba ya mita, kisha uulizie kwa *977# au ofisini kama ina deni. Mpangaji akihama, deni aliloacha hubaki kwenye mita, na kila utakaponunua tokeni, sehemu ya pesa zako itakwenda kulipunguza. Utakuwa unalipia friji ya mtu usiyemjua, aliyegandisha barafu za kuuza mwaka juzi. Mwambie mwenye nyumba alimalize kabla hujatoa kodi, maana ukishaingiza kitanda, maneno yako hayana uzito tena.

Pili, usiufute ujumbe. Ukishatuma pesa kwa Paybill 888880, Kenya Power hukurudishia zile tarakimu 20. Wengi huzibonyeza, taa zikawaka, hadithi ikaisha. Lakini chini ya tarakimu hizo pana maneno yanayokuhusu kuliko tokeni yenyewe: "Units", "TknAmt" na "OtherCharges". TknAmt ni pesa iliyonunua umeme wenyewe. OtherCharges ni ule msafara unaofuata nyuma: gharama ya mafuta ya mitambo, mabadiliko ya dola, tozo ya umeme wa vijijini, VAT ya asilimia 16 na wenzake. Msafara huo hubadilika mwezi hadi mwezi, ndiyo maana shilingi 200 za Machi hazileti yuniti sawa na shilingi 200 za Aprili, na jirani yako hajakulogea mita.

Sasa chukua TknAmt uigawanye kwa Units. Jibu litakuonyesha uko daraja gani. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamepangwa madaraja matatu kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Asiyepita yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa yuniti. Wa kati ya 31 na 100 akapewa 16.30. Aliyepita 100 akapewa 20.97. Bei zenyewe zimeguswa kidogo baadaye, ila ngazi ni hiyo hiyo: anayetumia kidogo anunue kwa bei nafuu. Nakubaliana kabisa na nia hiyo. Shida yake iko kwenye nyumba zetu.

Nyumba zetu wazijua. Ukumbi katikati, vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, choo na bafu nyuma, na mita moja mlangoni. Tuseme kila chumba chatumia yuniti 28 kwa mwezi: taa, simu, redio, feni. Kila mmoja wetu, angekuwa na mita yake, angeingia daraja la chini kabisa. Lakini mita haihesabu vyumba. Yenyewe yaona mteja mmoja aliyekula yuniti 168, kwa hiyo yatuweka sote daraja moja na mwenye jumba la mbele ya bahari. Kwa zile bei za Aprili 2023, kabla ya tozo, yuniti 168 za daraja la juu ni shilingi 3,522.96. Yuniti hizo hizo kwa bei ya chini ni 2,052.96. Tofauti ni shilingi 1,470 kila mwezi, yaani 245 kwa kila chumba. Kwetu sisi 245 ni unga na sukari. Hilo ndilo jambo linaloniuma katika habari hii nzima: bei iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge humpita mnyonge mlangoni kwa sababu anaishi na wenzake.

Nilimpelekea mwenye nyumba hesabu hiyo kwenye karatasi. Ni bibi wa makamo, mwenye heshima zake, nami nikaenda kwa heshima, baada ya swala ya alasiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwataka nini tena? Bafu si nimelitengeneza?"

Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nitawawekea vimita vidogo, kila mtu aone chake."

Hapa msomaji wangu shika sikio. Vimita vidogo ambavyo mwenye nyumba hununua dukani na kuvifunga ndani hugawa lawama vizuri sana. Vitaonyesha nani hupika kwa koili usiku akidhani hatujui. Lakini havibadilishi daraja, kwa sababu mita ya Kenya Power bado ni moja na bado yahesabu 168. Kinachosaidia ni mita kamili, kila chumba na akaunti yake, na hiyo haiombwi bila idhini ya mwenye nyumba na nyaya zilizofungwa na fundi aliyesajiliwa. Mkiwa tayari kuchangia nyaya, nendeni mkiwa wapangaji wote, msimtume mmoja.

Ukishapata mita yako, ilinde ile 30 kama mtu alindavyo futari. Feni ya wati 60 kwa saa nane hula karibu nusu yuniti, kwa mwezi kama 14. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa tano kila jioni haifiki yuniti moja na nusu kwa mwezi mzima, kwa hiyo acha kumfokea mtoto anayesoma. Hasira hizo zipeleke kwa pasi, ambayo kwa wati 1,000 humaliza yuniti nzima kwa saa moja. Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Friji ni mgeni wa gharama: ikila yuniti moja kwa siku, 30 zote zimekwisha na hujawasha taa. Wanne mkishirikiana friji moja, mwenye nayo alipwe haki yake.

Kuhusu kununua kidogo kidogo: tokeni za shilingi 50 au 100 si aibu. Ndani ya mwezi mmoja, bei ya yuniti ni ile ile kwa aliyenunua mara kumi na aliyenunua mara moja. Anayepata pesa kwa siku, wa tuktuk au wa samaki, tokeni zamfaa kuliko bili ya mwisho wa mwezi, ambayo humkuta mfukoni mtupu. Cha kuogopa ni ile tokeni ya saa nane za usiku inayonunuliwa kwa mkopo wa Fuliza. Fuliza hutoza ada kadiri deni linavyokaa, na shilingi ya kwanza itakayoingia kwenye M-Pesa yako itakamatwa kabla hujaiona. Nunua jioni, duka la M-Pesa likiwa wazi, na mita isipate sababu ya kulia.

Jikoni nitapita haraka, ingawa ndiko pesa nyingi hupotelea. Makaa ya kopo kila siku yaonekana rahisi kwa sababu hulipwa kwa sarafu. Jumlisha ya mwezi mzima, uweke kando ya bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, ambao tangu Julai 2023 gesi yake haitozwi VAT. Kikwazo ni kupata pesa za mtungi kwa pamoja, na dawa yake wanawake wa Likoni wanayo siku nyingi: mchezo. Watu sita, kila wiki mmoja anapokea, na sharti liwe moja tu, zamu yako ni ya gesi. Maharage na pweza yabaki kwa makaa.

Bibi wetu ameridhia. Ameanza na mita mbili, za vyumba vya mbele, kwa kuwa nyaya zake ni fupi. Zikitulia ataongeza nyingine mbili. Changu ni chumba cha tano, kwa hiyo bado twachangiana wanne, na daftari la michango limening'inizwa kwa uzi chini ya mita.