Saa Mbili za Nani?

Jamani, nani aliyewaambia watu kwamba Unguja ni pua na mdomo? Kwa ramani sikatai: kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 na ushee za maji, na boti za siku hizi zinazimaliza kwa saa mbili hivi. Ila wanaojisifia hizo saa mbili hawahesabu nchi kavu.

Boti ya saa moja asubuhi inakutaka bandarini saa kumi na mbili. Sasa wewe unatoka Mbagala, kwa hiyo unaamka hata jogoo hajageuka ubavu. Ukishuka tu pale karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, hujamlipa hata dereva, begi lako lishapanda begani kwa mtu. "Twende mkuu, boti inang'oa!" Boti gani? Nahodha mwenyewe bado anakunywa chai. Basi unalikimbiza begi lako huku unapatana bei na mgongo wa mchukuzi. Kisha tiketi, kitambulisho, mashine ya kukagua mizigo, vua mkanda, tiketi tena.

Msimu wa kusi ndio usiseme. Kabla kamba hazijafunguliwa, mhudumu keshapita anagawa mifuko ya kutapikia. Ulikuwa mzima, chapati zako na maharage zimetulia. Ukishaukamata ule mfuko, tumbo linakumbuka wajibu. Bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekaa ubavuni mwangu akanionea huruma, akanipa ndimu: "Nusa, mwanangu. Na hiyo simu iweke." Nikanusa, nikapata nafuu kweli, mpaka kijana wa kiti cha nyuma alipofungua kopo lake la samaki wa kukaanga. Bibi akaninyang'anya ndimu yake bila kuaga.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao hauna ndimu. Mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe umesimama pale tangu 1904, haujawahi kumkimbia mtu. Lakini ukichomoza tu dirishani, abiria wote wima! Mji wenyewe bado uko mbali, sisi tushajipanga mlangoni, kwapa la huyu kwenye shavu la yule, boti inayumba na sisi tunayumba nayo.

Haya, bandari ya Malindi hiyo. Mizigo inamwagwa chini, na ndipo unapogundua kuwa nusu ya boti imesafiri na mifuko ya shangazi kaja, miraba ileile ya bluu na nyekundu. Kila mtu anafungua wa mwenzake. Mimi nilifungua mmoja nikakuta vyungu, mwingine nepi. Mwenye nepi akanitazama jicho ambalo sijalisahau.

Simu ikaita. "Shemeji, vipi? Si boti yako ya saa moja? Wali unapoa huku!"

"Boti imefika zamani, shemu. Mimi ndiyo bado."

"Basi njoo na ndizi mbivu, hapo sokoni Darajani zipo."

Darajani! Kwenye foleni ya daladala!