Muulize Anti Kipupwe

Anti hujibu barua za waliokatwa na joto, walioganda na waliofilisiwa na LUKU. Mambo ya mapenzi yapelekwe ukurasa wa jirani, isipokuwa wapenzi wanapogombania rimoti.

*Anti, shikamoo. Kila miezi mitatu kiyoyozi changu huanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Namwita fundi, anasema gesi imekwisha, anajaza, nalipa. Tumezoeana hadi kanialika harusi ya mdogo wake. Ninunue kipya?*
— Mchangaji, Tabata

Marahaba, mwanangu. Nenda harusini ule pilau kwa amani, maana umeichangia. Ila gesi ya kiyoyozi si kama ya mtungi wa kupikia. Haiungui wala hailiki. Inazunguka kwenye mabomba ya shaba, inabeba joto la sebule yako, inalitua nje, inarudi kubeba jingine. Mabomba yakiwa mazima, gesi iliyowekwa siku ya kwanza inaweza kudumu mpaka mashine yenyewe itupwe. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza bila kulitafuta anatia maji kwenye pakacha, na pakacha ni lako.

Mara nyingi tundu lenyewe halina makuu. Tazama pale nje mabomba mawili yanapoingia kwenye mashine: kuna nati za shaba. Mdomo wa bomba ukipanuliwa vibaya, au nati ikikazwa kwa hasira, gesi hupenya kidogo kidogo. Ukiona mafuta yameshikana na vumbi kwenye nati, mshuku huyo kwanza, kwa kuwa gesi husafiri na mafuta ya kompresa. Fundi apake povu la sabuni, pale panapotoa mapovu ndipo penyewe.

Akishaziba, asikimbilie kujaza. Aunganishe pampu ya kuvuta hewa, atoe hewa na unyevu wote, azime, atulie aone kama geji inapanda. Ikitulia, apime gesi kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "hapo sawa" mpe soda, mwage. Na mashine ya R410A haitiwi R32, hata aape kwa mamaye. Kilo moja tu ya R410A ikiachiwa hewani hupasha dunia joto kama kilo zaidi ya 2,000 za hewa ya ukaa, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuzipunguza gesi za ukoo huo. Ukumbini mle, nina hakika, hakuna aliyezima kiyoyozi.

*Anti, mume wangu akirudi tu anaweka nyuzi 16 "chumba kipoe haraka". Usiku mimi nina soksi na mablanketi mawili, yeye anakoroma kifua wazi. Umeme wa elfu ishirini haufiki Ijumaa. Nimwache?*
— Barafu, Mbezi

Umwache na rimoti anayo yeye? Kwanza mweleweshe. Kwenye kiyoyozi cha kawaida, kompresa ama inafanya kazi ama imezima, haina mbio za ziada. Weka 16, weka 25, chumba kitapoa kwa kasi ileile. Tofauti ni kwamba kwenye 25 itafika ipumzike, na kwenye 16, usiku wa Februari, itanguruma hadi adhana ya alfajiri bila kufika. Cha BTU 12,000 hula karibu yuniti moja kila saa kompresa inapozunguka. Pangaboi halifiki wati 100. Basi wekeni 26 na pangaboi taratibu. Mkitoka lizimeni, kwa sababu pangaboi hupoza mwili, halipozi chumba.

Mkija kununua kipya, chukueni cha inveta, ambacho kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Lakini kabla ya kutoa hela, inama uangalie chini ya mlango. Pakipita panya, na baridi inapita. Dirisha la magharibi halina pazia zito? Bati halina dari? Basi jua la saa kumi mnalipokea ndani kama mgeni, kisha mnalipia umeme kulitoa.

*Anti, Dar mnalia joto. Huku Njombe, mwezi wa saba, tunalala na jiko la mkaa chumbani. Tufanyeje jingine?*
— Meno Yanagonga

Hapa sina utani. Toa jiko, leo. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Aliyelala hakohoi, haamki. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Oteni moto nje, mkalale bila jiko. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitenge iwekwe miguuni. Fedha ikipatikana, anzeni na dari chini ya bati.

Mwenye uwezo zaidi anunue kiyoyozi chenye alama ya jua kwenye rimoti. Hicho huchota joto la nje, hata hilo la Njombe, na kuliingiza ndani, kwa hiyo yuniti moja ya umeme huleta joto la yuniti kama tatu. Hita ya waya huleta moja tu. Ulizeni dukani, maana vipo vinavyopoza tu.

*Anti, kiyoyozi kinadondosha maji usiku kwenye mto wa mama mkwe aliyekuja kututembelea. Anasema ni jini. Tumwite shehe au fundi?*
— Mkwe wa Watu, Tanga

Shehe apumzike. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ikigusa koili ya baridi hugeuka maji, na maji hutoka nje kwa bomba la plastiki. Bomba likiziba kwa utelezi, au nyigu akijenga mdomoni mwake, maji hufuata njia ya karibu, ambayo kwenu ni mama mkwe. Zima umeme. Osha filta, kwa sababu zikijaa vumbi koili huganda barafu, nayo ikiyeyuka humwagika. Kisha nenda nje uchokoe mdomo wa bomba. Usiku huo msogezee mama kitanda. Atakaa mpaka lini, hilo muulizane wenyewe.