Karavani la Kasekese na Skrubu za Mjerumani

Muuza chipsi mmoja wa Kasekese, mkoani Katavi, alinunua karavani bila kuuliza ni la mwaka gani, limetoka wapi, wala kwa nini muuzaji alizihesabu fedha huku akitembea. Alichotaka ni kibanda kisichohitaji msingi: viazi vikaangwe ndani, sahani zitokee dirishani, na abiria wa barabara ya Mpanda kwenda Karema washuke kula. Hesabu ilikuwa nzuri. Ikaharibika siku alipokwenda na fundi kulichukua.

Lilikuwa shambani chini ya mwembe. Tairi zote mbili zilikuwa zimelala, maboga yametambaa hadi juu ya paa, na kuku alikuwa ameatamia mahali palipokuwa na jiko. Hati hapana, kadi hapana, hata bamba la kiwanda lilishang'olewa na wanunuzi wa chuma chakavu.

Kijiji lakini hakikosi wanahistoria. Babu mmoja alilizunguka mara moja, akagonga ubavu kwa fimbo na kutoa hukumu: hili ni la Mjerumani, lilibeba vitu vya vita ya 1914. Na vita hiyo kweli ilifika Ziwa Tanganyika. Wajerumani walileta meli ya Graf von Götzen ikiwa vipande, wakaiunganisha Kigoma. Ndiyo MV Liemba ya leo. Waingereza nao mwaka 1915 wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kwa matrekta ya mvuke porini na kwa mto Lualaba, hadi zikaingia ziwani. Tatizo ni kwamba boti hizo zilipita upande wa Kongo. Babu alipoelezwa hivyo akasema karavani lilivuka baadaye.

Mstaafu wa reli alikuwa na kauli yake. Kwake yeye, kila kitu cha chuma kilichopo Katavi kilikuja na tawi la reli la kutoka Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 mabwana waliacha vitu vyao ovyo. Mama muuza dagaa akapinga. Alikumbuka gari la namna hiyo wakati makazi ya wakimbizi wa Burundi yakifunguliwa Mishamo mwaka 1978, na daktari akishuka ndani yake. Alipobanwa zaidi alikubali kwamba huenda alikuwa mpima ardhi, ila alivaa nyeupe.

"Mimi siulizi watu," fundi akasema. "Nauliza chuma."

Akaanza na skrubu. Zile zilizoshika fremu za madirisha zilikuwa za nyota, na skrubu za nyota zilianza kutumika viwandani Marekani katika miaka ya 1930. Karavani la vita ya 1914 lisingeweza kuwa nazo.

"Babu, shikamoo tena," fundi akamwambia kwa adabu. "Wakati wa Mjerumani nyota hizi hazikuwepo."

"Marahaba. Nyota zimekuwepo tangu Mungu aumbe mbingu," babu akajibu, akakaa juu ya tairi kusubiri hoja nyingine.

Hoja ya pili ilikuwa mlango. Nchi ambazo magari hupita kushoto, kama Uingereza, Afrika Kusini na sisi wenyewe, huweka mlango wa karavani ubavu wa kushoto ili mtu ashukie ukingoni na si katikati ya barabara. La Ujerumani au Ufaransa huwa na mlango kulia. Hili la Kasekese mlango ulikuwa kushoto. Hoja ya tatu ilikuwa bolti: zote za inchi. Viwanda vya Uingereza vilianza kuhamia vipimo vya mita mwaka 1965, kwa hiyo fundi akakata shauri kwamba mzigo huu ni wa Mwingereza au wa Afrika Kusini, na umri wake ni wa kuheshimiwa. Mstaafu wa reli akatabasamu kama aliyeshinda kesi. Mjerumani hakukatiwa rufaa.

Vipimo vya inchi vina adhabu yake. Nusu inchi ni milimita 12.7, na spana iliyokuwepo ni ya 13. Ile milimita 0.3 inayobaki inatosha kula kichwa cha nati, na ilikula vichwa vya kutosha kabla fundi hajakubali kwenda Mpanda kutafuta spana za inchi.

Magurudumu ndiyo yaliyotia watu jasho. Mtu fulani zamani alifunga chini ya karavani ekseli ya lori la Kiingereza, na malori mengi ya zamani ya Uingereza yalikuwa na nati za kushoto zinazofunguka kinyume, ili gurudumu likizunguka mbele lisizilegeze. Upande wa kulia nati zilifunguka bila maneno. Upande wa kushoto vijana wakapanda juu ya spana, wakaongezea bomba, bomba likaongezewa kijana mwingine mnene. Walikuwa wanakaza. Bolti moja ikakatika kwa mlio uliomwamsha babu.

Ndipo kijana mmoja alipoona herufi L imegongwa kwenye ncha za bolti zilizobaki. Akaeleza kwa kujiamini kwamba gari hili lilikuwa la kujifunzia udereva.

Ukuta nao ulikuwa na wapangaji. Makaravani mengi ya zamani yana fremu ya mbao, alumini nje, plaiwudi ndani na uwazi katikati. Maji hupenya kwenye viungo vya paa, mbao zikaoza kimyakimya huku alumini iking'aa, na ndiyo sababu anayenunua karavani kuukuu hubonyeza kuta kwanza, hasa pembeni na chini ya madirisha. Muuza chipsi hakubonyeza. Huu ni mkoa wa asali, na nyuki wa Katavi hawaachi uwazi mkavu ukakaa bure. Fundi alipowasha grainda kukata alumini ili afikie mbao zilizooza, ukuta ukajibu.

Fundi alikimbilia mahindini, vijana wakakimbilia barabarani, babu akabaki palepale amejifunika koti, akisema nyuki hawamgusi mtu asiyewasha mashine. Jioni mrina asali akaja na moshi wake. Masega yalijaza ndoo, na muuzaji aliyekuwa na haraka siku ile akarudi haraka zaidi: yeye aliuza karavani, asali hakuiuza. Mwenyekiti wa kitongoji akaamua igawanywe nusu kwa nusu baada ya mwenyekiti kuonja.

Safari ndefu ya karavani ni jambo linalowezekana barani kwetu. Wally Byam, Mmarekani mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa makaravani 41 kutoka Cape Town mwaka 1959 hadi Cairo mwaka uliofuata. Tope la Kongo liliwatesa, lakini walifika. Muuza chipsi alihitaji kufika Kasekese senta tu.

Kikombe cha kushikia kwenye shingo ya karavani kilikuwa cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Mpira wa chuma uliopatikana Mpanda na kufungwa nyuma ya trekta ulikuwa wa milimita 50. Vitu hivyo viwili hukubaliana kwenye uwanja tambarare. Kwenye tuta la kwanza kikombe kiliruka, mnyororo wa usalama haukuwepo, na karavani likateremka peke yake kwa utulivu hadi katikati ya jaruba la mpunga. Mlango ukafunguka, babu akachungulia. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amepanda.

"Mbona mmesimama?" akauliza.

Mwenye jaruba alilipwa mpunga wake, mpira wa inchi 2 ukatafutwa, mnyororo ukafungwa, na karavani likafika. Sasa lina plaiwudi mpya, paa lenye silikoni kila kiungo na dirisha pana la kuuzia. Kama gari la safari, halifai hata kuvuka daraja. Kama kibanda cha chipsi, ni zuri, ila wateja wanapaswa kuzunguka: mlango na dirisha vipo kushoto, na barabara ya Karema ipo kulia.