Kisigino Kimekataa Kushuka

Plasta imetoka jamani, lakini mguu bado uko jela. Mimi nilijua ikishakatwa hivi natembea hadi steji, nadandia matatu, mambo kwisha. Wapi! Kifundo kimekauka kabisa. Vidole vinaangalia chini. Dada wa fizio ananieleza eti kiungo hulishwa na ute wake kikisogezwa, kikikaa tu nyama za pembeni zinakaza, na msuli wa nyuma ya mguu unafupika. Naitikia, "Ndiyo, daktari." Ute gani? Sina habari.

Shida yenyewe ni choo. Ploti yetu hapa Masaku choo ni cha shimo, kimoja, na asubuhi ni foleni. Kumbe kuchuchumaa ni hesabu! Goti lazima lipite vidole na kisigino kibaki chini. Changu kinapaa. Nikishuka nusu, naenda kinyumenyume. Sasa nimefunga kamba kwenye boriti, nining'inie hapo kama mbuzi wa Krismasi. Juzi jirani akagonga bati: "Mzee, uko sawa huko ndani?" Ploti nzima ikanyamaza isikie jibu.

Jioni nakabidhiwa mama watoto. Anapitisha leso chini ya wayo, anavuta. Anavuta na hasira zake zote za mchana. Siku ya kusahau unga, weh! Nalia hadi wapangaji wanapunguza redio.

Jumapili mpwa wangu akaja, anasomea hayo mambo ya fizio. Akamaliza muthokoi wote, ndipo akasema kule Australia walichunguza watu 150 waliotolewa plasta ya kifundo, vifundo vimekaza hivi hivi, matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Wengine wakapewa mazoezi tu. Wengine mazoezi na kunyooshwa kidogo. Wengine mazoezi na kunyooshwa nusu saa kila siku. Mwisho wa yote? Ngoma droo. Kule kunyooshwa hakukuongeza chochote cha maana juu ya mazoezi.

Nusu saa! Na mimi nalia bure! Nikaita mama watoto mbio aje asikie sayansi. Akasikiliza vizuri, akakunja leso.

"Kwa hivyo dawa ni mazoezi?"

"Ndiyo, shangazi," mpwa akajibu, "na kupanda kilima pia kunasaidia."

Mama watoto akaniletea mtungi wa lita 20. Watu wanatoka mbali kuja kushangaa kilima cha Kituluni hapa Masaku, eti maji yanapanda mlima yenyewe. Kwetu yanapandishwa na mimi.