Saa Nne Iko Wapi?

Mkwe wangu ana moyo mzuri, na hilo ndilo tatizo lake. Mtu mwenye roho mbaya angeniacha nyumbani kwake Miami nitazame televisheni na kuusema wali wao. Yeye akaja na habari: "Baba, wewe ni mtu wa pwani. Kesho twende tukavue." Nikafurahi. Nikamwambia binti yangu aandae ndimu na bizari, asinunue nyama.

Kwamba siku hiyo moja inagharimu dola 700 sikuambiwa mpaka tulipofika Islamorada, katika ule msururu wa visiwa vya Florida Keys, na chombo kimeshatoka gatini. Kwa fedha hizo, kwetu Jambiani, Unguja, unakwenda kwa fundi wa ngalawa, unavuta kigoda, mnaanza mazungumzo. Hapa unapewa ruhusa ya kusimama kwenye omo la boti ya mtu mpaka alasiri.

Nahodha mwenyewe sikuwa na ugomvi naye. Alizima mashine, akapanda jukwaa dogo kule tezi, akashika upondo. Upondo! Nikajiona niko kwetu. Maji yenyewe ya magotini, maangavu, chini mchanga na majani, kama pwani ya Jambiani ikianza kujaa. Nikauliza chambo kiko wapi. Akanionyesha ndoana iliyovalishwa manyoya na uzi wa kumetameta ili ijifanye kaa. Ilikuwa nyepesi kama unyoya, kwa sababu ni unyoya.

Sasa sikiliza uvuvi huu. Sisi tukirusha mshipi, kinachokwenda ni chubwi, uzi unafuata. Hawa chubwi hawana. Uzito wameutia katika uzi wenyewe, mnene kama uzi wa kiatu, na wewe kwa fimbo ya futi 9 unaupeperusha nyuma, mbele, nyuma, mbele, mpaka unyooke, ndipo uulaze majini taratibu samaki asishtuke. Upepo ukitoka mbele, uzi wote unakurudia usoni. Upepo ulitoka mbele.

Wala huvui ovyo. Sharti umwone samaki kwanza. Wanayemtafuta anaitwa bonefish, jina alilopewa kwa wingi wa miiba, na ubavu wake ni kama kioo: yeye humwoni, unaona kivuli chake mchangani. Jirani zao wa Bahamas wamewachora wawili kwenye sarafu ya senti 10, nadhani ili na sisi wengine tupate kuwaona.

Nahodha ndiye anayemwona, kutoka juu jukwaani, kisha anakuelekeza kwa uso wa saa. Omo la boti ni pale penye kumi na mbili. Akanong'ona kitu kwa Kiingereza, mkwe wangu akatafsiri mbio mbio: "Baba, saa nne! Mita kumi na tano, saa nne!" Nikaitafuta nne. Iko nyuma, kulia. Nikageuka, nikarusha vizuri kuliko siku zote. Kumbe samaki alikuwa mbele kushoto, penye kumi, maana saa nne yetu sisi mshale huwa kwenye kumi. Akaenda zake bila haraka.

Mkwe wangu akaniomba radhi. Moyoni akajiapiza kwamba tangu hapo atanitajia namba ileile anayotaja nahodha. Mimi nami, bila kumwambia, nikajiapiza kwamba tangu hapo nitasoma saa kwa Kiswahili. Haikupita robo saa: "Baba, saa kumi!" Saa kumi mshale mfupi uko kwenye nne, hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Nikageuka tena nyuma kulia, safari hii kwa kujiamini, nikavuta kwa nguvu zote, na ndoana ikanasa kofia ya nahodha.

Ndicho kitu pekee nilichokamata siku hiyo, na nacho nilitakiwa kukirudisha.

Maana hilo ndilo lililonimaliza. Tangu 2013 sheria ya Florida inasema bonefish akinaswa arudishwe majini akiwa hai. Yaani hata ningeijua saa yao vipi, ndimu za binti yangu zingelala vilevile. Nahodha akanieleza kwa upole kwamba samaki mmoja akiachiwa, kesho mgeni mwingine atalipa kuja kumtafuta. Hesabu hiyo naikubali. Hata kwetu Unguja na Pemba, viko vijiji vinavyofunga miamba ya pweza kwa miezi ili wakue. Lakini siku ya kufungua, tunakula.

Mchana akataka kunifundisha habari za tarpon, samaki anayeweza kupita kilo 50. Huyo naye anaachiwa. Akishanasa huruka hewani, na wewe unatakiwa umwinamie, uzi ulegee usije ukakatika. Nikamwomba mkwe wangu amfikishie kwamba mimi huinama kila siku, nyakati tano, na si kwa samaki. Sijui alitafsiri nini. Nahodha alitikisa kichwa kwa heshima.

Saa tisa tukarudi gatini. Mkwe wangu akaongeza dola 140 za bahashishi, kwa sababu ndiyo desturi, na kwa sababu ya kofia. Nikampigia mke wangu. Jambiani ilikuwa saa nne usiku, saa nne inayojulikana ilipo. Akaniambia leo bamvua. Asubuhi alishuka pwani na wenzake, kijiti mkononi, akarudi na pweza wawili, na mmoja ameshapikwa kwa nazi. Akauliza mimi nimepata nini.

Sikujibu. Nilimuuliza tu, kwa taratibu, kama hakufikiria kuwaachia.

Simu ikakatika. Mkwe wangu anasema ni mtandao. Ana moyo mzuri, yule.