Namna ya Kuua Shimo la Choo Magongo

Mtambo wa kusafisha maji taka uko Kipevu, hapo jirani tu, lakini nyumba isiyo na bomba la kuufikia hutegemea shimo. Mwenye nyumba anayetamani kuita gari la kunyonya kila mara aanze na jiki. Asipime kwa kifuniko. Amwage chupa nzima, Jumamosi, wapangaji wote wakifua. Mle shimoni mnaishi bakteria wasiohitaji hewa, wanaokula kinyesi na kukigeuza maji na gesi. Kifuniko kimoja cha jiki hakiwadhuru, maana uchafu huimaliza klorini yake kabla haijawafikia. Chupa nzima huweza kuwaua kwa wingi, na tope likikosa wa kulila hupanda upesi mpaka maji meusi yatokee uani.

Choo kikizidi kunuka, wapo wanaomwagia dawa ya asidi juu ya jiki. Hapa mzaha naukomesha: viwili hivyo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na choo cha ploti hakina dirisha la maana. Usijaribu hata mara moja.

Mbu nao humwagiwa mafuta ya taa au oili chafu ya gereji. Mafuta huelea, viluwiluwi hufa, halafu sehemu yake huyeyuka na kupenya udongoni. Kumbe dawa ilishapatikana Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, katika vita dhidi ya matende. Watafiti walitandaza punje nyepesi za polistireni juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Mbu wakakosa pa kutagia, wakapungua mno.

Kinachoniuma roho ni kisima. Magongo bomba likikauka, maji ni ya kisima, mtungi wa lita 20 juu ya mkokoteni. Udongo huweza kuwachuja bakteria wengi, lakini mkojo wa shimoni hugeuka amonia, kisha naitreti, na naitreti haishikwi na udongo. Huenda na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa sababu ikizidi huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, naitreti hubaki palepale.

Basi ndugu mwenye nyumba, jiki itie kidogo kwenye ndoo ya kupigia deki, oili irudishe gereji, na kabla hujachimba shimo jipya, pima mita 30 kutoka kisima cha jirani.